Mafuta ya Nguzo

Siku baba alipoondoka kwenda Kampala, alisimama kando ya pikapu, akaweka mkono juu ya boneti, akaniambia mambo mawili. La kwanza, niiwashe kila Ijumaa baada ya swala ya mchana, dakika chache tu, ili betri isife. La pili halikuwa agizo. Alisema, "Nikirudi tutamwaga oili."

Alisema atakaa siku nne. Gari aliliacha nyuma ya nyumba, juu ya shimo alilolichimba mwenyewe kwa kazi hiyo, shimo refu lenye mbao mbili kila upande za kukanyagia magurudumu. Aliliegesha hapo makusudi, ili akirudi asianze kulisukuma. Siku nne zikapita. Mahindi ya nyuma ya nyumba yakakomaa, tukavuna, mabua yakakauka na kuanguka juu ya ua, na gari lilikuwa palepale juu ya shimo lake.

Tulikaa Arua, katika mtaa wetu wa Waislamu, kwenye nyumba za udongo na miti zenye mabati juu na baraza mbele. Mchwa wa kule hawana huruma. Nguzo ya baraza ikikaa misimu miwili bila kupakwa kitu, unaigonga kwa kidole unasikia tupu ndani. Kwa hiyo siku baba alipomwaga oili, mtaa wote ulijua. Gari letu lilikuwa moja tu katika njia ile, na oili chafu haikuwa yetu peke yetu. Watu walikuja na makopo na chupa, wakakaa, wakanywa chai, wakamtania baba aliyekuwa shimoni chini ya gari, kisha wakaondoka na oili yao kwenda kupaka nguzo. Baba hakumnyima mtu. Aliiita "mafuta ya nguzo", na alisema gari linakula mara moja, nyumba zinakula mara ya pili.

Baada ya baba kutorudi, watu hawakuja tena. Hakuna aliyetutukana. Walipita upande wa pili wa njia, wakasalimu huku wanatembea. Miaka ile watu walikuwa wakipotea, na hukumwuliza mtu jamaa yake amekwenda wapi, maana swali lenyewe lingeweza kukufuata mpaka kwako. Mimi niliwaelewa. Mimi mwenyewe sikuwa mtu wa kuongea. Nilisoma mpaka darasa la saba, na katika miaka yote saba mwalimu alisikia sauti yangu pale tu aliponiita jina asubuhi.

Halafu mama akavunjika mguu. Alianguka shambani, mbali, nje ya mji, akiwa na kuni kichwani. Nilimpandisha kwenye baiskeli, nikasukuma mpaka barabara kubwa, na lori lililokuwa likielekea kusini likatuchukua moja kwa moja hadi hospitali ya Kuluva. Wakamfunga plasta kutoka kifundo mpaka juu ya paja. Nikarudi nyumbani peke yangu.

Nilikaa hivyo zaidi ya miezi miwili. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kila mara nilipika chakula kingi kuliko tumbo langu, kwa sababu mkono ulikuwa umezoea kipimo cha watu watatu, na asubuhi nilikula kilichobaki kikiwa baridi. Radio haikuwa na betri. Kulikuwa na wiki ambayo nilipiga hesabu ya maneno niliyosema tangu Ijumaa hadi Jumanne, nikaona yote yalikuwa salamu. Siku ya Ijumaa nilikuwa nikiwasha gari. Nilikaa upande wa abiria, si upande wa baba, nikanyoosha mkono kugeuza ufunguo, na injini ikiunguruma nilihisi kama kuna mtu mwingine nyumbani anayekohoa na kusafisha koo. Nilipoizima, ukimya ulirudi mzito kuliko wa kwanza.

Mara mbili kwa wiki niliendesha baiskeli hadi Kuluva kumpelekea mama unga na sukari nilipoipata. Binti wa mgonjwa wa kitanda cha jirani ndiye aliyempikia. Kila mara mama aliniuliza jambo lilelile.

"Nani alikuja nyumbani?"

"Haboba wa kona alikuja," nilisema. Haboba ni nyanya kwa Kinubi, na wa kona alikuwa nyanya wa mtaa mzima. "Na muuza nyama. Na fundi wa nguo."

"Walisema nini?"

"Wanakusalimu."

Mama alitikisa kichwa polepole, akatazama dirisha. Nilidhani nadanganya vizuri.

Siku moja muuguzi akaniambia kuwa Jumatatu mama angeruhusiwa, lakini plasta ingebaki, na mguu usikunjwe. Baiskeli haikufaa. Mabasi yalikuwa yamelala kwa kukosa petroli. "Tafuta gari," alisema, "au akae hapa mpaka plasta itoke. Na kitanda chenyewe kinasubiriwa na mtu." Mama alisikia. Alianza kukunja shuka yake ya nyumbani siku ileile, wakati Jumatatu ilikuwa bado siku tano.

Gari lilikuwapo, na petroli aliyoiacha baba bado ilitosha. Dereva hakuwapo, maana mimi nilijua kuwasha tu. Nilizunguka nyumba ya jirani yetu wa nyuma mara tatu kabla ya kupiga hodi. Alikuwa Mkongo, Mkristo, dereva wa malori aliyehamia kwetu na mke wake zamani. Nilimwambia kwa maneno machache. Alivaa viatu palepale.

"Mama yako ni mama yangu," alisema. "Nitaendesha. Lakini fungua boneti kwanza."

Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa jani, akakirudisha, akakichomoa tena. Akanionyesha. Oili ilikuwa chini ya alama ya chini, nyeusi, na haikudondoka. Ilining'inia.

"Ona. Iko nzito kama uji ya jana. Na kilima ya Kuluva weye unaijua. Mimi nilishachoma injini moja kule Bunia, bosi akanifukuza mbele ya watu. Mutu anaruhusiwa kuchoma injini moja katika maisha. Ya pili hapana."

"Tuongeze kidogo tu," nilisema.

"Kuongeza mupya juu ya matope? Hapana. Mwaga hii yote, weka ingine. Mimi navuka mpaka kesho, Jumatatu asubuhi niko hapa."

"Baba alisema akirudi ndio..."

Jirani aliangalia magurudumu, akaangalia shimo, akafunga boneti polepole kwa mikono miwili, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa.

"Ndiyo," alisema. "Alisema hivyo."

Oili madukani haikuwapo. Maduka mengi yalikuwa na rafu tupu zilizopangwa vizuri. Iliyokuwapo ilikuwa ya magendo, kutoka ng'ambo, Kongo, na mahali pa kuipata palikuwa Vurra, mpakani. Siku ya Ijumaa nilichukua koti la mvua la baba, zuri, la mpira, ambalo wafanyabiashara wa ng'ambo walilipenda, nikaenda nalo. Karibu na malori yaliyosubiri forodha nilimpata mtu mwenye makopo ya galoni kwenye baiskeli. Alivaa koti, akajigeuza, likamfaa. Akafungua kopo moja, akatumbukiza kijiti, kikatoka kinang'aa rangi ya asali.

Baba asingenunua hivyo. Nilikuwa nimemwona mara nyingi. Alifunga kifuniko kwa nguvu, akalipindua kopo chini juu, akahesabu mpaka ishirini, akaligeuza haraka na kufungua, akatazama kilichokuja juu. Kila mtu wa biashara ya mpakani alifanya hivyo, na wauzaji hawakukasirika. Lakini palikuwa na wanaume kama kumi pale wanaongea na kucheka, na mimi ningelazimika kusema kwa sauti, "Ngoja nipindue." Nililisema neno hilo moyoni mara mbili. Kisha nikafunga kopo kwenye baiskeli nikaondoka.

Jumamosi asubuhi niliwasha gari, nikaliacha liungurume muda mrefu kuliko kawaida, ili oili ipate moto na kulainika. Nikazima, nikashuka shimoni na spana na karai. Shimoni kulikuwa na baridi, na juu yangu tumbo la gari lilikuwa na joto. Nati ya chini ilikataa. Nilining'inia kwenye spana kwa uzito wangu wote mpaka ikalia na kulegea, nikaimalizia kwa vidole, na oili ikanimwagikia mkononi kabla haijapata njia ya karai. Ilitoka polepole, kamba moja nyeusi isiyokatika. Nilikaa nikaitazama. Nilikuwa nafanya jambo ambalo baba alisema tutalifanya wawili, na kila kilichotoka hakikuweza kurudi.

"Hodi hapa!"

Niliona miguu ya mwanamke mzee, na kando yake kopo la maziwa ya unga. Haboba wa kona aliinama mpaka uso wake ukaonekana kichwa chini kati ya magurudumu. Alinong'ona.

"Baba amerudi?"

"Bado, haboba."

"Sasa nani iko chini ya gari?"

"Mimi."

"Wewe? Wewe mwenye kuogopa hata kuitikia salamu?" Akabaki ameinama hivyo, anatafuta cha kufanya na kopo lake. Nadhani angeondoka. Lakini harufu ya oili ya moto ilikuwa imetoka njiani, na nyuma yake nikasikia sauti ya muuza nyama.

"Mimi nilifikiri gari imezaa! Naona kichwa moja tu inatoka chini!"

Haboba akacheka. Halafu akaja fundi wa nguo na chupa mbili, akisema kwamba mara ya mwisho alipewa nusu na nguzo moja ya kwake sasa inasimama kwa aibu tu. Nilitoka shimoni. Walikuwa watatu katika ua wetu, wamesimama juu ya mabua makavu ya mahindi, wanangoja, na hakuna aliyetazama mlango wa nyumba. Niliweka maji ya chai. Sukari ilikuwa ya mama, ya kupeleka Kuluva, nikaiweka yote. Walikunywa wamesimama. Kisha nikachukua karai nikawagawia, kopo la haboba hadi juu, chupa za fundi hadi shingoni, jerikeni ndogo ya muuza nyama. Kila nilipommiminia mmoja nilimimina polepole, maana nilijua karai likiisha wataondoka.

Liliisha, wakaondoka. Hakuna aliyeuliza habari za mama, na mimi sikusema.

Niliosha vikombe vitatu. Baada ya swala ya mchana nilifunga nati, nikaweka faneli, nikafungua kopo la Vurra. Oili ikaingia nzuri, nyembamba, ya asali. Nikaegemea gari nikisikiliza inavyoshuka ndani. Kopo lilipokuwa jepesi kidogo zaidi ya nusu, mlio ulibadilika. Ulikuwa mwepesi, wa kucheka. Nikatazama mdomo wa kopo, nikaona kinachotoka si asali tena, ni maji.

Nililivuta kopo lakini mengine yalikuwa yameshaingia. Maji hukaa chini na oili huelea; yule mtu alijaza kopo maji karibu nusu, akaweka oili juu, na kijiti chake kilipita kwenye oili wakati wa kutoka. Nilikaa kwenye mbao. Nilichomoa kijiti cha gari nikapima. Oili haikufika alama ya chini. Sikuwa na koti lingine. Oili ya zamani, ambayo ningeweza kuichuja na kuongeza, ilikuwa katika nyumba tatu, na jua lilikuwa linakwenda upande wa Kongo.

Nilianza kwa fundi kwa sababu alikuwa karibu. Alikuwa anamaliza nguzo ya mwisho kwa tambara. Chupa zote mbili zilikuwa tupu. Nilimsalimu, nikamtazama anavyopaka, nikaenda zangu.

Muuza nyama alikuwa kwenye baraza lake, nguzo mbili nyeusi, mbili bado.

"Ee, fundi wa magari! Umekuja kuangalia kazi?"

"Ile oili," nilisema. "Naomba ile iliyobaki."

Alicheka, akawaita watoto wake waje wasikie. "Asubuhi amenipa, jioni anataka! Mimi nikikuuzia maini nakufuata nyumbani nikisema tapika? Baba yako hakufanya hivi hata siku moja."

"Ni ya kumchukua mama," nilisema. "Mama iko Kuluva. Mguu umevunjika. Jumatatu anatoka na oili haitoshi, ile mpya ilikuwa maji, na dereva hawezi kwenda hivyo, na kitanda kinasubiriwa."

Sijui maneno mengi hivyo yalitoka wapi. Muuza nyama aliacha kucheka. Aliwafukuza watoto kwa mkono.

"Mama yako iko Kuluva? Tangu lini?"

"Mwezi wa tatu huu."

"Sisi tulisema mama ameenda Koboko kwa ndugu zake. Tulisema..." Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Nani anakaa na wewe pale?"

"Hakuna."

Alimimina alichobakiwa nacho kwenye jerikeni, akachukua tambara lake lililolowa, akalikamua juu ya mdomo wa jerikeni mpaka tone la mwisho. Mikono yake ikawa myeusi kama yangu. Akanipa jerikeni.

Haboba hakuwa amepaka hata nguzo moja. Mgongo ulimkataza, alikuwa anangoja mjukuu. Kopo lake lilikuwa mlangoni, limejaa. Aliponisikiliza alinisogezea kopo lote, akaingia ndani, akatoka na kitambaa cheupe chepesi, kikuukuu, kilichofuliwa sana.

"Chujia hii. Mara mbili," alisema. "Mtoto wewe. Nyumba yangu iko pale, mlango unaona. Kwa nini hukuja?"

Nami ningemwuliza hivyohivyo. Sikumwuliza. Alijua, maana alinishika kiwiko, penye oili, akakishikilia.

Jumapili asubuhi nililegeza nati ya chini kwa robo ya mzunguko. Matone ya kwanza yalikuwa maji, safi, moja baada ya jingine. Nilingoja mpaka likaja tone la asali, nikakaza haraka. Nikachuja oili ya zamani mara mbili. Kitambaa kilibaki na mchanga mwembamba na nyuzi za tambara la kupakia. Nikamimina. Oili ilifika unywele mmoja juu ya alama ya chini.

Jumatatu jirani alipima mwenyewe, akakisogeza kijiti kwenye mwanga.

"Hii si mupya, si ya zamani," alisema. "Umenipikia mchuzi gani?" Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta kijiti kwenye suruali yake mwenyewe. "Tutapanda kilima polepole," alisema. "Na weye utaniangalizia taa."

Njia nzima niliangalia taa nyekundu ya oili. Haikuwaka. Kitu ambacho sikukifikiria kilikuwa mlio. Mama aliujua mlio wa gari lile kama sauti ya mtu. Tulipoingia kwenye uwanja wa hospitali alikuwa ameshatoka mlangoni, amesimama kwa mguu mmoja na gongo, shuka imekunjwa kwapani, na alikuwa anatazama mlango wa dereva. Uso wake ulikuwa wazi kabisa. Jirani yetu akashuka, akavua kofia. Mama akamtazama, kisha akanitazama mimi nikitokea upande wa pili, kisha mikono yangu.

"Nani amemwaga oili?" aliuliza.

"Mimi."

Alipandishwa mbele, mguu umenyooshwa kuja upande wangu, plasta juu ya mapaja yangu. Tulikuwa tumeshapita daraja aliposema, kama kawaida yake, "Nani alikuja nyumbani?"

"Haboba wa kona. Na muuza nyama. Na fundi wa nguo."

Akatikisa kichwa polepole, akatazama dirisha. Ndipo nikajua kwamba alikuwa akijua siku zote. Mara hii ilikuwa kweli, na majina yalikuwa yaleyale, sikuwa na majina mengine ya kuyatia nguvu.

Gari lilipokata kona ya mtaa wetu, mama alishika ubao wa mbele. Nguzo za fundi zilikuwa nyeusi zote, kutoka chini mpaka usawa wa goti, zinang'aa kwenye jua. Za muuza nyama mbili. Alizitazama zinapita. Mbele ya nyumba ya haboba alisema, "Punguza, baba," na jirani akapunguza. Haboba alikuwa barazani, akainua mkono, na mama akainua wake.

"Kumbe walikuja," alisema.

Tulimshusha, tukamkalisha kwenye kiti barazani, mgongo kwenye nguzo. Jirani akaenda kwake kulala. Mama aliigonga nguzo kwa kidole, nyuma ya bega lake, na sote wawili tukasikia ilivyo tupu. Zetu, kama za haboba, hazikuwa zimeguswa. Vumbi jekundu la mchwa lilikuwa limeshapanda mpaka juu ya kiti.

"Hukubakiza ya kwetu?"

"Imeingia kwenye gari."

Muuza nyama alipita upande wetu wa njia, akasalimu, akasimama kidogo, akaenda. Mama alifuta vumbi la nguzo kwa ncha ya shuka yake.

"Mara nyingine ukimwaga," alisema, "anza na ya kwetu."